Ringi za Ndani

Siku tuliyomzika Lazaro nilikataa kukaa mbele. Wanangu walikuwa wameniandalia benchi la kwanza, wametandika na kitambaa cheupe, mjane akae aonekane. Nikawaambia mimi nakaa nyuma, kwenye benchi la baba yenu, chini ya roshani ya kwaya. Binti yangu mkubwa akanivuta kiwiko akaninong'oneza kwamba watu watasema. Nikamwambia watu walianza kunisema tangu enzi za Mwingereza na bado hawajamaliza, basi waongeze na hilo. Nikakaa. Kwaya ilipoanza kuimba juu ya kichwa changu, mjukuu wetu Modesta akiwa mmoja wao, niliinua uso nikalitazama lile bimu la zege linalobeba roshani, pana kuliko kitanda, nikalifuata taratibu kutoka nguzo ya kulia hadi nguzo ya kushoto. Mama mmoja nyuma yangu akamwambia mwenzake kwamba masikini bibi anasali. Sikuwa nasali. Nilikuwa natafuta ufa.

Habari za wazazi wangu na za ukoo nitaziacha, maana kila mtu anayeandika maisha yake huanza na babu wa babu, na mpaka afike kwake mwenyewe msomaji ameshalala. Mimi nitaanza na chumba. Kilikuwa mtaa wa Chemchem, kwa shangazi yangu Modesta, ambaye mjukuu wetu alirithi jina lake, na mwaka ule ambao wanaume wa mjini walikuwa wameanza kunong'ona habari za kura na za kujitawala, mimi nilikuwa nalala humo katikati ya pamba. Shangazi alikuwa akishona magodoro. Alishonea watu wa reli, akashonea Waarabu wa mjini, akashonea maharusi, na chumba chetu kilijaa pamba na sufi mpaka ugali ukiachwa wazi unaota manyoya. Alikuwa mjane, mrefu, mwenye sauti ya kuitia ng'ombe, na sindano yake ndefu aliichomeka kwenye kilemba hata kanisani. Watu walimheshimu na kumwogopa kwa kipimo kilekile. Nilimpenda sana, na mpaka leo nikisikia harufu ya pamba mpya nageuka kumtafuta.

Kanisa letu lilikuwa limesimama kando ya njia ya zamani ya misafara, ile iliyokuwa ikienda Ujiji, na mwaka huo liliongezwa roshani kwa ajili ya kwaya. Aliyechora alikuwa Bruda Anselmi, Mholanzi mwenye ndevu nyekundu na mikono ya seremala, aliyekuwa akizungumza Kiswahili kizuri ila kila kitu kwake kilikuwa "kidogo": saruji kidogo, shida kidogo, simba kidogo. Shida yake ilikuwa hii. Paa lilikuwa limeshakwisha na halikuwa refu. Bimu la kubeba roshani lingekuwa nene kwenda chini kama mabimu mengine, watu wa nyuma wangegonga vichwa wakiingia. Likisukumwa juu, wanakwaya wangeimba wameinama. Basi akaamua kulifanya fupi kwenda chini na pana sana kwenda pembeni, yaani kimo kidogo, upana mwingi. Shangazi alipoonyeshwa lile boksi la mbao litakalomiminwa zege alilizunguka, akalipima kwa mkono, akasema yeye angepata humo magodoro mawili ya harusi na mto juu.

Fundi wa nondo alikuwa Lazaro. Alitoka upande wa Sikonge, Mmoraviani kati yetu Wakatoliki, mwembamba, mpole, mwenye tabia ya kufikiri kabla ya kujibu hata salamu. Ukimwambia habari za asubuhi alikuwa anatulia kwanza, kana kwamba anakagua kama ni nzuri kweli. Mwenzake wa kukunja chuma aliondoka kufuata kazi Mwanza, akabaki peke yake na ringi chungu nzima za kukunja. Mimi nilikuwa miongoni mwa wasichana waliopeleka chakula cha mafundi kwa zamu, na siku moja, kwa udadisi tu, nikashika bomba la chuma alilokuwa akikunjia nikavuta. Chuma kikakunjika. Mikono yangu ilikuwa imekomazwa na magodoro, kuvuta uzi wa katani kila siku si mchezo. Lazaro akakitazama kile chuma, akakigeuza pande zote, kisha akasema pembe yangu imekaa sawa. Bruda akacheka akasema nije kila siku. Shangazi alikubali kwa sababu mbili: kwamba ni kazi ya kanisa, na kwamba pale kiwanjani kila anayepita njiani anatuona.

Na walituona kweli. Wanawake wa mtaa wa Mtendeni walipita na ndoo vichwani wakipunguza mwendo, wakinong'onezana. Msichana anakunja chuma na kijana wa watu, tena Mmoraviani, haya ni mambo gani. Nikawa najifanya sisikii, navuta bomba langu. Ukweli ni kwamba sijawahi kufurahia kazi kama ile. Tulikuwa na ubao mnene uliopigiliwa pini za chuma. Unalaza chuma chembamba kati ya pini, unavuta, unageuza, unavuta, mpaka kinajifunga kuwa mraba mrefu wenye ndoano mbili kwenye kona moja. Hiyo ndiyo ringi. Nondo ndefu nene hupita ndani yake kwenye kona, kisha zinafungwa kwa waya. Saa ya chakula tulikaa juu ya mbao tukala ugali wa mtama kwa nsansa, ile mboga ya majani ya kunde yaliyokaushwa, iliyoungwa karanga, na Lazaro alikuwa akila polepole huku akitazama kazi yetu kama mtu anayetazama mtoto wake akicheza. Nilianza kumpenda kwa jinsi alivyokuwa akitafuna. Nacheka nikiandika hivi, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Siku moja Bruda alitukalisha chini akachora bimu kwa mkaa juu ya ubao. Akatuambia nondo ndefu za chini zinazuia bimu lisipinde katikati, hilo hata mtoto anaelewa. Lakini ubaya mwingine huanzia karibu na nguzo. Hapo zege likizidiwa hupasuka kwa mshazari, ufa unapanda kutoka chini karibu na nguzo kwenda juu kuelekea katikati, na ufa huo hauna adabu, haupigi hodi. Nondo ndefu peke yake haziuwezi. Inayouweza ni miguu ya ringi, zile pande zake zinazosimama wima; hiyo ndiyo inayoshona ufa kabla haujafunguka. Kwa hiyo karibu na nguzo ringi zinabanana, na kadiri unavyokwenda katikati zinaachana. Kisha akachora bimu letu kana kwamba limekatwa, likaonekana pana kama meza. Kwenye bimu jembamba, akasema, ringi moja inatosha, mguu huku mguu huku. Kwenye bimu pana, miguu miwili ya pembezoni iko mbali mno. Nondo za katikati zimelala tu hazina wa kuzishika, na uzito wa katikati hauna wa kuupokea. Basi lazima ziwepo ringi za ndani, zinazopishana na ile kubwa, ili miguu isimame kwa safu kutoka ukingo hadi ukingo. Akafuta mikono kwenye kanzu. "Ringi za ndani," akasema, "hizo si pambo kidogo."

Sasa niseme habari za kokoto, maana ndipo mambo yalipoharibikia. Kokoto zilikuwa sadaka ya akina mama. Mawe yaliokotwa pembeni mwa njia ya misafara nje ya mji, mawe ambayo shangazi alikuwa akisema ndiyo yaliyowang'oa kucha babu zetu wapagazi, kwa hiyo ilikuwa halali yetu kuyalipiza kisasi kwa nyundo. Akina mama walikaa chini uani, miguu wameinyoosha, wanagonga na kupiga soga. Humo ndimo nilimosikia nani kaachwa, nani kanunua kitenge kwa Mhindi na mumewe hajui, nani anajifanya mgonjwa siku za kulima. Jumapili baada ya misa kila kikundi kilileta kokoto zake mbele ya kanisa zikapimwa kwa debe, na kikundi kilicholeta madebe mengi kikapigiwa vigelegele. Chemchem na Mtendeni walikamiana. Upande wetu kiongozi alikuwa shangazi. Upande wa Mtendeni alikuwa Mama Kondrada, mnene, mcheshi, ambaye aliwahi kuwania na shangazi mume mmoja zamani na wote wawili wakamkosa. Bruda alikuwa ameweka chekecheke la waya, akasema kokoto isiyopita kwenye tundu hizo irudi ikagongwe tena, isizidi ncha ya kidole gumba. Alipokuwepo akisimamia mwenyewe, mambo yalikwenda vizuri.

Bruda akaumwa. Homa ilimkamata akawa anatetemeka mpaka kitanda kinatembea, wakampakia kwenye treni kwenda kutibiwa Dar es Salaam, na alipokuwa akibebwa alimshika Lazaro mkono akamwambia anamwachia bimu lake. Ikabaki kazi ya kupima kwa debe bila mtu wa kuchekecha. Na hapa, jamani, nani asiyejua jinsi debe linavyojaa? Kokoto ndogo zinazama, zinajipanga, unagonga wiki nzima debe halijai. Ukiacha mawe makubwa kidogo, debe linajaa mara moja na vigelegele vyako unavipata. Hakuna aliyekaa akapanga hila. Kila Jumapili mawe yalikuwa yamekua tu, yakafika ukubwa wa yai la kuku, na mengine Mama Kondrada aliyoyaleta ungeweza kuyakalia. Katekista akatangaza, akina mama wakacheza. Lile chekecheke shangazi alilichukua nyumbani akaanikia matobolwa, vile viazi vitamu vya kukausha, maana alisema limekaa bure na viazi vyake vinakaa chini vinaliwa na kuku. Lundo la kokoto mbele ya kanisa likawa mlima. Ikatangazwa kwamba zege litamiminwa kabla ya Pasaka, ili kwaya iimbe roshani Pasaka hiyohiyo.

Wakati huo Lazaro alikuwa ameshatuma wazee kwa shangazi. Walikuja wawili kutoka Sikonge, wakala kuku, wakasema kilichowaleta. Shangazi hakukataa wala hakukubali. Aliwaambia atawajibu baada ya Pasaka, kwamba anamtazama kwanza huyo kijana ni mtu wa namna gani. Mimi nilisikia yote nikiwa nyuma ya magodoro, nimejibana, pamba puani, nazuia chafya kwa nguvu zangu zote. Baada ya siku hiyo Lazaro akipita Chemchem alimpa shangazi shikamoo toka mbali, naye alikuwa ameanza kuitika marahaba kwa sauti isiyotisha sana. Kwetu hiyo ilikuwa dalili kubwa.

Basi asubuhi moja tulikuwa tumeshusha zile ringi kubwa ndani ya boksi, tumefunga nondo ndefu, na ringi za ndani tumezipanga karibu na nguzo zote mbili. Lazaro akachukua jiwe moja kutoka kwenye lundo akaliachia kutoka juu. Likakwama kati ya miguu ya ringi. Akachukua la pili, likakwama juu ya la kwanza. Akachukua ufito akalisukuma; halikwenda. Aliondoka akaenda kuuzunguka ule mlima wa kokoto, anainama, anachukua, anarudisha. Mchana akaniambia kwa upole, bila kunitazama, nisaidie kufungua waya, ringi za ndani tutazitoa, tutabaki na zile kubwa peke yake. Nikadhani sijasikia. Nikamuuliza, je, Bruda kasemaje. Akajibu Bruda yuko Dar es Salaam. Akasema zege lenye mawe haya halitapita katikati ya miguu yote hiyo, litaacha mapango ndani, na bimu lenye mapango ni baya pia. Akasema ringi kubwa ziko nyingi. Akasema pengine Bruda alizidisha tu. Lazaro ninayemjua hakuwa mtu wa kusema maneno mengi hivyo kwa mpigo, na kila alilosema lilikuwa linampunguza.

Nilimwambia waambie akina mama mawe ni makubwa, wayagonge tena. Hapo ndipo alipokaa chini. Akaniuliza kama nimeona mikono yao. Nilikuwa nimeiona, shangazi alikuwa amefunga vidole viwili kwa kitambaa na bado anashika sindano. Akasema wamegonga tangu mavuno, wameimbiwa, wametangazwa mbele ya watu, na sasa asimame yeye, mgeni, Mmoraviani, kijana asiye na hata mke, awaambie sadaka yao haifai. Na amwambie nani kwanza? Mama Modesta. Wiki tatu kabla hajatoa jibu. Alisema yote hayo kwa sauti ya chini, na niliona kwamba hakuwa mvivu wala mjanja. Alikuwa na huruma, na alikuwa ananitaka mimi, na hayo mawili yalikuwa yanamvuta kwenda kubaya. Hasira yangu ikaisha, nikabaki na hofu. Wanakwaya wote niliwajua kwa majina na kwa nguo zao za Jumapili. Nikasimama juu ya mbao, nikaenda mpaka mahali ambapo sauti ya pili ingekaa.

"Mimi naimba sauti ya pili," nikamwambia. "Nitasimama hapa katikati. Toa ringi zako, Lazaro, lakini siku hiyo ukae uangalie nilipo."

Ugali wake ulibaki kwenye sahani mpaka ukakauka ngozi juu, na mimi nikarudi nyumbani nikamsaidia shangazi kuchambua pamba, yeye akiniuliza mara mbili kama nina homa.

Alikuja kesho yake jioni, jua bado liko. Alikuwa amevaa shati lake la kanisani na amebeba ndoo. Shangazi alikuwa ameketi juu ya mkeka, godoro kubwa la harusi limejaa mbele yake, anashona kingo. Lazaro akaamkia, akaitikiwa, akakaribishwa kigoda. Ndoo akaiweka kati ya miguu yake. Akatulia kwa muda mrefu mpaka nikaogopa amesahau kilichomleta, kisha akamuuliza shangazi kitu ambacho sikukitegemea. Alimuuliza, kwa adabu, godoro pana kama lile likishonwa kingo tu, katikati lisipigwe uzi, linakuwaje. Shangazi akamtazama kama mtu aliyeulizwa maji yana rangi gani. Akasema pamba inakimbia, mwenye kulala anajikuta katikati yuko chini, na mshonaji anatukanwa. Lazaro akasema bimu letu pia ni pana, na uzi wake wa katikati ni zile ringi za ndani. Akasema amepata jambo moja gumu. Akamimina ndoo juu ya mkeka. Mawe yakatoka, yetu hayo, makubwa, mawili yakabingiria mpaka kwenye goti la shangazi.

"Mama, haya hayapiti kwenye ringi," akasema. "Nilitaka kuzitoa ringi ili nisikuudhi. Nimeshindwa. Juu pale watasimama watoto wa watu, na huyu wako pia."

Nilisikia jirani akimfokea mbuzi. Shangazi alichukua jiwe moja akaligeuza, akalichukua lingine, na uso wake ulikuwa mgumu kiasi kwamba nilihesabu ndoa yangu imekwisha pale pale. Akamwambia Lazaro akusanye mawe yake aende zake. Hakupaza sauti, na hilo lilinitisha zaidi. Lazaro akakusanya, akaaga, akatoka. Shangazi akarudi kwenye godoro. Akashona mpaka giza likaanza kuingia, na nilipomletea chakula akakisogeza kando. Mwishowe akaniuliza swali moja tu, kama ni kweli mimi ningesimama pale katikati. Nikasema ndiyo, sauti ya pili inakaa katikati. Akasema "hm," akaenda kulala. Siku zilizobaki mpaka Jumapili zilikuwa ndefu, na Lazaro hakumimina zege wala hakutoa ringi. Alikaa anakaza waya ambazo zilikuwa zimeshakazwa.

Jumapili baada ya misa katekista alisimama kwenye debe lake kama kawaida. Mama Kondrada na wenzake wa Mtendeni walikuwa wameshaanza kujifunga kanga viunoni, tayari kwa kucheza. Shangazi akatokea nyumbani, maana alikuwa ametoka misani mapema, na kichwani amebeba lile chekecheke la Bruda. Alikuwa ameliosha lakini bado lilinuka viazi. Akaliweka juu ya mawe mawili, akachukua debe lake mwenyewe, lililojaa mpaka juu, akalimimina. Zikapita kokoto chache, kama kiganja. Zingine zote zikabaki juu, zimekaa, kila mtu anaziona. Mimi nilitaka ardhi inimeze kwa niaba yake, lakini yeye alisimama wima, sindano kilembani, akayatazama yale mawe kama watoto waliomtia aibu mbele ya wageni.

"Hayo ndiyo yangu," akasema. "Fundi kaniambia kweli, nami nimekasirika siku nne, sasa nimemaliza. Kondrada, lete yako."

Mama Kondrada alishika kiuno. Akatazama chekecheke, akatazama debe lake lenye mawe ya kukalia, kisha akaanza kucheka, kwanza tumbo, halafu mabega, mpaka akalazimika kukaa chini, na kweli akakalia mojawapo. Akasema yeye hata asiyamimine, maana atatoboa waya wa Bruda. Wote wakacheka. Siku ileile mchana, katika nguo zao za Jumapili zilizofunikwa magunia, wanawake wa Chemchem na wa Mtendeni walikaa kuuzunguka ule mlima na kuanza kuugonga upya. Safari hii hawakupima debe la nani. Walikaa mchanganyiko, na soga zilikuwa tamu zaidi kwa sababu sasa zilikutanisha habari za pande mbili. Nilimwona Lazaro amesimama mlangoni mwa kanisa akifuta macho kwa mkono wa shati, akijifanya ni vumbi la mawe. Nikamwachia lile vumbi lake.

Pasaka hiyo kwaya iliimba chini, imejibana kando ya mlango, na waliolalamika walikuwepo. Zege tulilimimina mvua zilipokwisha. Wanaume walichanganya kwa makoleo, sisi tukapokezana karai, na Lazaro alilala kifudifudi juu ya mbao, ufito mkononi, akichokoa zege lipite katikati ya miguu yote ya ringi, ya nje na ya ndani, mpaka likajaa kila kona. Kokoto zilizama taratibu bila kukwama. Baada ya hapo akina mama walilinywesha maji asubuhi na jioni lisikauke haraka likapasuka, na shangazi alilifunika kwa magunia aliyoyashona pamoja, akasema hilo ni godoro lake la kwanza kumshonea mteja asiyelala. Bruda Anselmi alirudi amebaki mifupa na ndevu. Akauliza kwa nini Pasaka ilipita bila roshani. Shangazi akamjibu, "Tulikuwa tunachekecha." Bruda akatazama kokoto zilizobaki, akachukua moja akaiweka juu ya ncha ya kidole gumba chake, akaitazama, akaiweka mfukoni.

Wazee wa Sikonge waliporudi kuchukua jibu, mimi nilikuwa tena nyuma ya magodoro. Shangazi aliwaambia kwamba amemtazama kijana wao kama alivyoahidi. Kwamba alikuja nyumbani kwake, mbele ya sindano yake, akamwambia amekosea, huku akijua anaweza kunyimwa mke. "Mwanamume wa namna hiyo," akasema, "hatamdanganya binti yangu kwa kumwonea huruma." Kisha akaita kwa sauti yake ya ng'ombe nitoke huko nyuma, maana wageni wote walikuwa wanaiona miguu yangu tangu mwanzo.

Jumapili ya kwanza kwaya kupanda, shangazi, ambaye hakuwa mwanakwaya na sauti yake Mungu mwenyewe anaijua, alipanda kabla yetu. Alitembea mpaka katikati, akasimama, akapiga sakafu kwa kisigino mara moja, akashuka. Ndipo tukapanda sisi. Nilipoangalia chini sikumwona Lazaro mahali popote. Baadaye niliambiwa kwamba alikuwa amekaa benchi la nyuma kabisa, chini ya bimu, palepale chini ya miguu yangu, na alikaa hapo mpaka misa ikaisha. Hakuwahi kuhama benchi lile. Tulioana, akaanza kusali kwetu ingawa kitabu chake cha nyimbo za Kimoraviani alikiweka chini ya mto mpaka kufa, tukazaa, bendera ikabadilishwa, shangazi akaenda zake, Bruda akazikwa kwao, na kila Jumapili Lazaro alikuwa chini ya bimu. Mimi nilipoacha kwaya kwa sababu ya magoti, binti yangu akaingia, kisha binti yake Modesta. Tukiwa njiani kurudi nyumbani nilikuwa nikimuuliza, "Ehe?" naye anatulia kwanza kama kawaida yake, halafu anajibu neno moja: "Limetulia."

Basi ndiyo sababu sikukaa mbele siku ile. Nilikuwa kwenye zamu yake. Misa ilipokwisha vijana wakanyanyua jeneza wakaja nalo taratibu kuelekea mlangoni, na walipofika chini ya roshani niliinuka nikanyoosha mkono. Wakasimama. Padri, kijana ambaye hata hakujua kwamba roshani ile ina historia, akanitazama kwa wasiwasi, na binti yangu akataka kunishika akidhani naanguka. Juu yetu kwaya ilikuwa bado inaimba, wanacheza kidogo kama wanavyocheza vijana wa siku hizi, na nilisikia miguu yao yote ikitua kwa pamoja. Nikatazama juu mara nyingine, kutoka nguzo hadi nguzo. Halafu nikaweka kiganja changu juu ya ubao wa jeneza, nikamwambia mume wangu kwa sauti ya kawaida, ile ya njiani kurudi nyumbani: "Modesta yuko katikati, Lazaro. Limetulia." Kisha nikawaambia vijana wamchukue.